Monita ya Ofisi Inakudanganya, Lakini Usiitupe

Wasee, mama ya bibi harusi alinipigia simu Jumatatu asubuhi. Hakunisalimia. Aliuliza tu, "Kijana wangu, mbona sisi wote tumekuwa vivuli?"

Nikafungua faili kwa laptopu. Kweli. Gauni la bibi harusi limetulia, shela unaona mpaka ushonaji, keki iko sawa, maua yako sawa. Lakini nyuso! Baba mzazi amesimama anatoa hotuba na kitu unaona ni tai, meno na miwani. Mashangazi wa safu ya mbele wameyeyuka ndani ya kivuli cha hema. Harusi nzima ya watu weusi, na mgeni pekee aliyetoka vizuri ni keki.

Na siku hiyo nilikuwa nimekaa mbele ya monita kutoka saa nne asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, jicho kwa skrini, mkono kwa airisi ya kamera, nikijiona fundi. Sikuwa nimelala kazini. Nilikuwa nafuata kitu monita inaniambia, na monita ilikuwa inanidanganya. Leo naongea juu ya huo uongo, ulitoka wapi, na kwa nini bado natumia monita hiyo hiyo.

Nirudi nyuma kidogo. Niliacha kampasi mwaka wa pili. Kozi ya biashara, karo ikakataa kuisha, mkikutana siku ingine nitawasimulia. Nikaingia haso ya video. Kuna mzee mmoja mtaani kwetu ambaye alikuwa mpiga picha wa televisheni miaka mingi, sasa anafuga kuku. Alikuwa na kamera ya bega ya Sony, ya XDCAM, imelala kwa kabati imefunikwa na leso. Akaniuzia kwa bei ya undugu, nilipe polepole. Lenzi yake manze, hata leo sijaona simu inaweza kusimama karibu nayo.

Shida ni moja. Kwa mgongo wa ile kamera hakuna HDMI. Kuna tundu la duara, la chuma, unaingiza waya kisha unazungusha robo mzunguko inajifunga. Hiyo inaitwa BNC, na kitu kinachopita pale ni SDI. Monita nilikuwa nayo ni ya ofisi, ile mitumba ya kutoka Uingereza yenye mguu mzito, tundu lake ni DVI. Sasa utatoaje picha huku uingize kule?

Nikaenda Luthuli. Nikamwambia muuzaji, "Boss, nataka kitu cha kutoa BNC kwenda HDMI." Akanipa kisanduku, kina BNC upande mmoja na HDMI upande wa pili. Alinipa kitu nilichoomba, simlaumu. Nikarudi keja, nikaunganisha, giza. Nikabadilisha waya, giza. Nikazima nikawasha mara kumi, giza. Nikaanza kushuku mzee ameniuzia kamera iliyokufa, na nikakaa na hiyo shuku siku mbili, kitu ambacho mpaka saa hii kinaniaibisha.

Kile kisanduku kilikuwa cha kamera za ulinzi, zile za CCTV. Zinatumia tundu hilo hilo la BNC, lakini kitu kinapita ndani ni mawimbi ya analogi, AHD na ndugu zake. SDI ni dijitali. Tundu ni moja, lugha ni mbili. Ni kama kukuta mtu amevaa sare ya shule uliyosoma ukaanza kumsalimia kwa lugha ya kwenu, kumbe yeye alinunua tu sweta gikomba.

Hapa ndipo nina maneno na wale wasee wanaosema "waya ni waya". Si waya. Kutoka HDMI kwenda DVI, sawa, hapo adapta ndogo ya plastiki inatosha, juu picha ya HDMI na ya DVI zinaongea lugha moja ndani na adapta inabadilisha umbo la tundu tu. Lakini hakuna adapta ya hivyo ya kutoka SDI kwenda HDMI. Ukiuziwa waya mtupu, BNC huku na HDMI huku, bila kitu cha kula umeme katikati, umeuziwa mapambo. Lazima kuwe na konvata: kitu kinachopokea mawimbi, kinayasoma, kinayaandika upya.

Kwa nini? SDI ni mzee kuliko HDMI. Kiwango cha kwanza kilitoka 1989, na cha picha kubwa, HD, kikafuata 1998. Ilitengenezewa studio na magari ya matangazo. HDMI ilikuja mwisho wa 2002, ikatengenezewa sebule. Sasa zifikirie hivi. SDI ni makanga wa stage: anapiga kelele "tao, tao, tao", ukiwa pale usiwe pale, ukielewa usielewe, yeye anapiga kelele mfululizo upande mmoja. HDMI ni askari wa geti la esteti. Anakuuliza wewe ni nani, unaenda nyumba namba ngapi, hebu kitambulisho. Kabla ya picha kupita, konvata na monita zinaongea kwanza: wewe unaweza ukubwa gani, kasi gani. Na kama ni sinema iliyofungwa kufuli ya HDCP, askari anataka na funguo. SDI haina geti wala kufuli, na hiyo ni sababu moja huoni tundu lake nyuma ya runinga ya sebuleni.

Na huyo makanga anabeba mzigo, msicheke. Hii hesabu niliifanya usiku mmoja kwa karatasi ya nyuma ya risiti, mimi niliyetoroka hesabu kampasi. Picha ya HD unaona pikseli 1920 kwa mistari 1080. Lakini ndani ya waya, kwa huu mfumo wetu wa fremu 25, kila mstari una nafasi 2640 na mistari ni 1125. Zile nafasi ambazo huoni ndizo zinabeba sauti, mpaka chaneli 16, na saa ya video. Zidisha 2640 kwa 1125, zidisha kwa fremu 25 kila sekunde, zidisha kwa biti 20. Inakuja 1,485,000,000. Gigabiti 1.485 kila sekunde, kwa waya mmoja, picha haijabanwa hata kidogo. Mimi nikirusha laivu natuma megabiti 5 hivi. Yaani ule waya unabeba karibu mara 300 ya kitu mnaona kwa simu zenu. Nilipopata lile jibu na likalingana na namba iliyoandikwa kwa kiwango chenyewe, nilisimama nikatembea keja yote. Ni keja ndogo, lakini nilitembea.

Ndiyo maana pia usiokote waya wowote wa BNC. Unataka wa omu 75. Kuna wa omu 50 wa mambo ya redio unaofanana nao kama pacha. Waya mzuri unapeleka HD mita 100 hivi, wakati HDMI ya kawaida ikifika mita 15 inaanza kulia. Na SDI haikuonyi mapema. Inaenda vizuri, vizuri, halafu nukta zinametameta kidogo, halafu giza. Kama runinga zetu tangu tuhamie dijitali 2015: zamani ulikuwa unaona chenga na bado unafuatilia mechi, siku hizi ni picha safi ama hakuna kitu.

Sawa. Nikanunua konvata ya ukweli sasa, ya SDI kwenda HDMI, ya bei rahisi. Safari hii monita ikaongea. Ikaandika "Out of range". Yaani imepokea kitu, na imekataa.

Nikampelekea mzee. Akaangalia, akacheka, akasema, "Kijana, hii kamera nimeiacha kwa 50." Ndio hivi. Televisheni yetu Kenya ilikulia kwa mfumo wa 50, sawa na stima yetu ya 50 Hz. Kamera yangu ilikuwa inatoa 1080i50: picha nusunusu, mstari wa 1, 3, 5 kwanza, halafu 2, 4, 6, nusu 50 kila sekunde. Monita ya ofisi ilizaliwa kuonyesha hesabu za mhasibu mara 60 kwa sekunde, picha nzima kila mara. Ile konvata rahisi inabadilisha lugha tu, haibadilishi hesabu. Nusu 50 zikiingia, nusu 50 zinatoka. Runinga ya sebuleni ingemeza bila shida. Monita ya ofisi ikatema.

Kwa hivyo unahitaji konvata yenye skela ndani, ile inayounganisha zile nusu, inatengeneza picha nzima, na inatoa kwa kasi monita inaelewa. Si zote zinafanya hivi, hata za kampuni kubwa. Blackmagic wanauza vikonvata vidogo vizuri sana na watu wanavinunua wakidhani vitafanya kila kitu; soma kwanza kama hicho unanunua kinabadilisha ukubwa na kasi ama kinapitisha tu. Skela ina gharama yake. Kutoka 50 kwenda 60 lazima irudie picha hapa na pale, kwa hivyo kamera ikigeuka pole pole utaona kamshtuko. Na inachelewesha picha kidogo. Kwako wewe unayekagua, si neno. Ukiweka hiyo monita mbele ya kwaya wajitazame wakiimba, watakuchukia.

Mzee akaniazima konvata yake yenye skela. Jioni hiyo, kwa mara ya kwanza, nikaona kuku wa mzee kwa monita yangu, wakubwa, kila unyoya. Manze nilifurahi. Na furaha hiyo ndiyo iliniponza, juu baada ya giza na makosa yote hayo, picha ilipotokea niliiamini. Jumamosi nikaenda nayo kwa harusi.

Sasa sikizeni hii sehemu vizuri.

Video ya televisheni haitumii namba zote kueleza mwanga. Kwa biti 8, nyeusi kabisa ni 16 na nyeupe kabisa ni 235. Kwa SDI ya biti 10 ni 64 na 940. Nafasi ya juu na ya chini inaachwa kama ukingo wa barabara. Kompyuta haina ukingo. Kwa kompyuta nyeusi ni 0 na nyeupe ni 255. Konvata ikituma nyeusi ya 16, na monita ikadhani inaongea na kompyuta, monita inasema, "16? Hiyo si nyeusi, hiyo ni kijivu." Inaonyesha kijivu. Nyeupe ya 235 inaonekana imechoka. Picha yote inakuwa kama umeifunika na neti ya mbu.

Ndivyo nilivyoona kwa hema. Vivuli vya kijivu, kila kitu kimefifia. Mtu mwenye akili yake timamu akiona hivyo anafanya nini? Anafunga airisi. Nikafunga. Kwa monita vivuli vikashuka, picha ikapata nguvu, nikasema sasa hapo. Lakini kamera haikuwa na shida yoyote. Kamera ilikuwa inarekodi ukweli, na mimi nilikuwa naukata ukweli ili ufanane na uongo. Kila mara nilipofunga airisi, gauni jeupe lilivumilia, juu jeupe lina mwanga wa kutosha kugawa. Sura ya baba mzazi haikuwa na wa kugawa.

Hii ndiyo sababu nakataa watu kuniambia haya ni mambo madogo ya mafundi. Kosa hili haliumizi watu wote sawa. Kwa harusi ya watu weupe, wangetoka giza kidogo, mhariri angeinua, maisha yaendelee. Ngozi yetu inakaa chini zaidi kwa kipimo cha mwanga, karibu na mahali picha inapotea. Ukikosea kidogo kwenda chini, sisi ndio wa kwanza kuondoka. Na si kitu kipya. Kodak walikuwa wanapeleka kwa maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mweupe, zikaitwa kadi za Shirley, na miaka mingi huyo ndiye alikuwa "ngozi". Hata ile milia ya onyo kwa kamera, inayoitwa zebra, desturi ya kuiweka 70 kwa uso ilizoeleka kwa ngozi nyeupe. Ukimfuata huyo 70 kwa uso wa mjomba wako wa Lodwar utaunguza kila kitu nyuma yake.

Na hapa nabishana na upande wa pili pia. Kuna mafundi wakubwa, nikiwauliza, jibu ni moja: nunua monita ya kazi, yenye SDI yake, ama wacha kazi za watu. Najua ile monita ni nzuri. Inasoma SDI moja kwa moja, haina haja ya konvata, inajua 16 ni nyeusi, inakuonyesha mchoro wa mwanga pembeni. Bei yake najua pia. Kumwambia msee wa miaka 21 anayelipa kamera polepole kwa mfuga kuku kwamba hana haki ya kushika harusi mpaka awe nayo, hiyo si ushauri, ni kufunga mlango. Na wengi wao walianza na monita mbaya kuliko yangu. Tofauti ni kwamba kulikuwa na mtu kwa chumba aliyewaambia inadanganya wapi.

Mimi naona hivi. Pesa yako kidogo iweke kwa konvata, usiiweke kwa monita. Monita mbovu unayoijua uongo wake inafanya kazi. Ingia kwa menyu yake utafute mahali inaandikwa RGB ama kiwango cha weusi, kuna chaguo la Full na la Limited. Weka Limited. Kama monita ni mzee haina hiyo, angalia kama konvata yako inaweza kubadilisha kabla ya kutoa. Kama zote hazina, basi monita yako ni ya kuangalia nani yuko ndani ya picha na kama iko kali, kwisha. Mwanga usiiulize. Mwanga uliza kamera: weka zebra kwa 100, ikianza kucheza kwa gauni, rudi nyuma kidogo, halafu angalia uso kwa kioo kidogo cha kamera yenyewe. Kioo cha kamera hakipiti kwa konvata yoyote.

Kitu kingine haraka kabla nisahau, juu kimewahi kuua kamera za watu: ukitumia betri ama chanzo kimoja cha umeme kwa kamera na konvata, unganisha umeme kwanza, SDI baadaye. Ukitoa, SDI kwanza. Umeme ukikosa njia yake ya kurudi, unaweza kurudi kwa ganda la waya wa BNC, na lile tundu la SDI likiungua hakuna wa kukuonea huruma.

Kuhusu ile harusi. Nilikaa siku nne nikijaribu kuinua nyuso. Ukiinua giza la video iliyobanwa unapata chembechembe, kama mtu amepuliza unga wa ugali kwa picha. Baba mzazi nilimwokoa nusu. Mashangazi wawili hawakurudi. Nilirudisha nusu ya pesa, na nikamaliza kumlipa mzee mwezi mmoja nimechelewa. Alipouliza kwa nini, nikamwambia. Akanyamaza, halafu akaniuliza kama konvata yake iko salama.

Jumamosi niko na harusi nyingine, Limuru. Monita ni ile ile ya ofisi. Juu ya fremu yake nimebandika tepu nyeupe nimeandika kwa kalamu nene, LIMITED, na chini yake, ULIZA KAMERA. Mama ya yule bibi harusi ana binti wa pili, anaolewa Desemba. Bado hajapiga simu.